Mifuko ya Mtu Mmoja

Jumamosi, 14 Januari

Matunda yamefika. Ndoo mbili za pichi, moja ya plamu, maembe ndani ya gunia. Shemeji yangu wa shambani, kaka yake Bibie, kayashusha kutoka kwenye pikapu, kanywa maji akiwa amesimama, kaondoka. Kama kila mwaka.

Lakini si kama kila mwaka. Miaka yote kazi yangu katika shughuli hii ni kutoa kokwa na kukaa kimya. Bibie, mke wangu, anakata, anapanga, anafunga. Leo kanipa kisu.

"Kata wewe, Fundi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikakata. Mimi natengeneza meno ya bandia. Nachonga jino la mbele kwa nta mpaka mwenyewe asahau lipi lake na lipi langu. Mkono wangu hauogopi kitu kidogo. Lakini pichi ikanishinda, ikapondeka kiganjani. Bibie akanionyesha: ichovye kwenye maji yanayochemka, itoe upesi, itie kwenye maji baridi, ganda litavulika lenyewe kama soksi. Likavulika kweli. Kisha ndimu, nyama isigeuke rangi. Kisha kwenye treya, kipande kimoja kimoja, visigusane, ndani ya friza hadi kesho.

"Ukivitia mfukoni kabla havijaganda vitashikana," akasema. "Utapata jiwe. Hutaweza kulikata. Na vikiyeyuka usivigandishe tena, vitakuwa uji."

Utapata. Hutaweza. Ananifundisha kama wale wakunga wanafunzi wake wodini. Kwa nini hasemi "tutapata"?

Labda mgongo unamuuma tu. Vidole vyangu vinanuka ndimu.

Jumapili, 15 Januari

Leo ilikuwa kufunga. Kila mwaka tunatumia mifuko mikubwa — mfuko mmoja, bakuli moja kubwa katikati ya meza, vijiko vitatu. Binti yetu alipopata kazi mbali, vijiko viwili. Bakuli ni lile lile.

Leo Bibie katoa mifuko midogo. Mipya. Sijui aliinunua lini. Vipande vichache, laza, bana hewa itoke, funga. Mwingine.

Nikamuuliza mbona midogo hivi.

"Inamtosha mtu mmoja."

Nikamuuliza mtu gani.

Akasema nibane vizuri, hewa ikibaki tunda linaungua kwa baridi. Hilo ndilo jibu nililopata. Hewa.

Friza imejaa vifuko vyembamba, vimesimama kama vitabu. Nimeifungua mara nyingi jioni hii, kana kwamba nitaona kitu kingine. Tupo wawili humu ndani. Mtu mmoja ni nani — mimi au yeye? Na yule mwingine anakula nini, au yuko wapi?

Jumatano, 18 Januari

Nilimwuliza Daktari. Yeye ndiye mwenye kliniki, mimi niko chumba cha nyuma na plasta zangu na nta. Nilijifanya naongelea jirani. Mwanamke akianza kufunga chakula cha mtu mmoja mmoja, maana yake nini?

Akasema labda anataka kupungua mwili.

Bibie kupungua mwili. Hapana.

Mzee mmoja alikuja kuchukua meno yake, seti nzima, juu na chini. Kazi nzuri, nasema mwenyewe. Akajitazama kwenye kioo, akajipinda huku na huku, akatabasamu, kisha akayavua, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Daktari akamwuliza vipi, yanabana? Mzee akasema hayabani hata kidogo, mazuri mno, anayatunza kwa harusi ya mjukuu wake. Daktari akamwambia meno ni ya kutafunia, si ya sherehe. Mzee akaitikia kila neno. Akatoka na mdomo mtupu.

Nilirudi na stoo nzima ya mawazo. Bibie alikuwa anaimba jikoni. Mtu anayeimba hawezi kuwa na jambo. Au ndiye hasa mwenye jambo?

Jumanne, 24 Januari

Nimesikia nisichopaswa kusikia.

Nilirudi mapema kwa sababu tanuri la kazini liligoma kupata moto. Bibie alikuwa chumbani anaongea na simu, mlango umeegeshwa. Bado hajamwambia, anasema. Anangoja aone kama mwenyewe atashtuka. Kisha akacheka kidogo, kisha akasema — hapa sauti ilishuka — kwamba hajui huyo mwenyewe atajibu nini, na hilo ndilo linalomwogopesha.

"Mwenyewe" ni mimi. Hilo halihitaji daktari.

Nikatoka tena nje kwa kunyata, nikazunguka mtaa, nikarudi nikiburuta viatu ili anisikie. Akaniandalia chai.

Sasa nimekaa nayo. Ni mgonjwa? Anajua ataondoka duniani, kwa hiyo ananifundisha kumenya pichi? Nimemtazama akila. Anakula vizuri, analala vizuri, mashavu yapo. Basi kuna mwanamume? Nani? Kazini kwao ni wanawake watupu na vitoto vichanga. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni kwa muda. Meno mazuri, angalau. Mengine sina la kujisifia.

Ijumaa, 27 Januari

Nilipita kwa shemeji, mdogo wake Bibie. Ana cherehani barazani kwake, anashona sare za shule. Nikamwuliza moja kwa moja: dada yako ana nini?

Pini alizobana mdomoni zikamdondoka. Akaanza kuziokota moja moja, polepole kuliko inavyohitajika.

"Shemeji, mimi niliapa."

"Uliapa nini?"

"Nikikuambia nilichoapa si nitakuwa nimekuambia?"

"Ni mgonjwa?"

"Mgonjwa? Dada?" Akanitazama kama mimi ndiye wa kupelekwa hospitali. "Hebu nenda nyumbani kaongee na mkeo. Watu wazima nyinyi."

Nikampigia binti yetu njiani. Akasema, baba, mbona unaniuliza mimi? Kwa hiyo naye anajua. Wote wanajua. Huenda hata yule wa shambani anajua, ndiyo maana alikunywa maji akiwa amesimama.

Jumamosi, 4 Februari

Ameniambia.

Maembe yale ya mwisho yalikuwa yameiva pamoja, yasingengoja. Tulikuwa tunakata — mimi nakata, yeye anasimamia. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia, Bibie, niambie hii mifuko ni ya nani, sitaki kusikia habari ya hewa.

Akafuta mikono. Akasema kuna chuo cha wakunga, mbali, mji ambao basi linaondoka alfajiri na kufika jioni. Wanamtaka akafundishe. Mwaka mmoja. Wamemwomba tangu mwaka jana. Anatakiwa mwanzoni mwa Machi.

"Na mifuko?"

"Ya kwako. Usije ukakaa baridi yote bila tunda."

Basi. Ni hivyo tu. Si ugonjwa, si mwanamume. Nilimshika mabega nikamwambia hongera. Nikamwambia aende. Miaka ishirini na zaidi anazalisha watu, sasa aende akawafundishe wengine, nani anastahili kuliko yeye? Mimi nitajimudu. Asiwe na wasiwasi na mimi hata kidogo.

Nadhani nilisema vizuri. Mwanamume mwingine angenuna, angesema nani atapika.

Akachukua kisu changu, akakifuta.

"Umesema niende."

"Nenda."

"Na wewe utajimudu."

"Nitajimudu, mama."

"Haya," akasema. Akafunga kabati la vyombo kwa nguvu mpaka vikombe vikalia.

Nimekosea wapi? Nimerudia maneno yangu yote moja baada ya jingine na sioni. Nimemruhusu. Nimempongeza. Nimemaliza kukata maembe peke yangu, vipande sawa sawa, treya nzima. Hakuja kuyatazama.

Jumapili, 19 Februari

Siku hizi Bibie anasema vitu vya ajabu, kisha ananingoja.

Leo tunakunja nguo zake. Akasema ule mji una kliniki za meno nyingi kweli kweli, karibu kila mtaa.

Nikasema ni vizuri, ukiumwa jino hutahangaika.

Akacheka. Akacheka mpaka akakaa kitandani juu ya nguo tulizokwisha kukunja. Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Kisha nikaona hacheki tena, ameshika blauzi tu na kuitazama.

"Nini?" nikauliza.

"Hakuna, Fundi. Hakuna kitu."

Nimemwuliza tena wakati wa chakula. Akasema nimsogezee chumvi.

Ijumaa, 3 Machi

Ameondoka.

Kituoni kulikuwa na giza bado, watu wanagombania sehemu ya kuweka mizigo. Nilimwingizia sanduku. Shemeji wa cherehani alikuwepo, analia wazi wazi, mimi nikajizuia kwa ajili yao wote.

Bibie akanishika ukosi wa shati, akauweka sawa.

"Kula matunda, Fundi. Usiyaangalie tu. Baridi ikianza, uanze."

"Nitakula."

"Yakiisha uniambie."

"Yakiisha utakuwa umekaribia kurudi," nikasema, ili nimtie moyo.

Akapanda. Alikaa upande wa pili, sikumwona uso basi lilipogeuka. Nilipunga mkono hata hivyo. Kuna abiria mwingine alinipungia.

Nilikwenda kazini moja kwa moja. Nilitengeneza taya la chini la mtu, nikagundua baadaye nimepanga meno ya juu.

Jumapili, 12 Machi

Nyumba kubwa kuliko nilivyodhani.

Nimepika wali, ukanata. Nimefua. Shati jeupe limekuwa la waridi. Nampigia kila jioni baada ya vipindi vyake. Anasema wanafunzi wana juhudi lakini wanaogopa damu. Anasema chumba alichopewa ni cha watu wawili, vitanda viwili vimeunganishwa, analala katikati.

Nikamwambia ni vizuri, ana nafasi ya kujinyoosha.

Simu ikakatika muda mfupi baadaye. Mtandao wa huko sijui vipi.

Jumapili, 23 Aprili

Baridi imeingia. Asubuhi vidirisha vina ukungu, jirani kavaa kofia ya sufu. Sokoni hakuna pichi, hakuna plamu, embe moja limekauka kama ngozi na wanaliuza bila aibu.

Basi nikasema leo naanza. Nikatoa mfuko mmoja wa pichi. Nikatoa bakuli dogo. Nikauweka mezani na kuusubiri.

Vile vipande vinapoanza kulainika vinarudi rangi. Unaviona kupitia nailoni, vinatoka kwenye weupe wa barafu polepole, vinakuwa vya manjano, na ule wekundu kidogo pale kokwa lilipokuwa. Kama Januari inarudi. Nikamwona Bibie na ndoo, na kanga yake ya jikoni yenye madoa ya plamu.

Nikaurudisha kwenye friza kabla haujayeyuka wote.

Sijui kwa nini. Nilisema: nikiyala yote peke yangu, akirudi atakuta nini? Nikiyabakiza, tutayala pamoja, bakuli kubwa. Hata kama ni mifuko midogo, mtu anaweza kufungua kumi akamimina pamoja, nani amekataza?

Jioni kwenye simu akauliza, "Umeanza?"

"Nimeanza."

"Matamu?"

"Matamu sana."

"Yamebaki mengi?"

"Mengi," nikasema. Angalau hilo lilikuwa kweli. Nilidhani atafurahi kwamba sina pupa. Sauti yake ikashuka. Akasema ana madaftari ya kusahihisha.

Kwa nini mtu asikitike kwa kuwa chakula kipo?

Jumanne, 16 Mei

Yule mzee wa leso alirudi. Harusi ni wiki ijayo, kajaribu meno, hayakai. Yanacheza, yanaanguka akisema "samahani". Ananilaumu mimi. Nikaangalia: meno hayana kosa, ni yale yale niliyoyatoa mikononi mwangu.

Daktari akamwambia fizi hazikungoji. Kinywa kisipotumiwa kinajibadilisha chenyewe, na meno ya mwanzo wa mwaka ni ya kinywa cha mwanzo wa mwaka. Angeyavaa kila siku, vingezoeana.

Mzee akawa mnyonge. Akasema aliogopa kuyachakaza.

Nilimhurumia. Nimechukua vipimo upya, nitamrekebishia kabla ya harusi. Nimemwelewa vizuri sana yule mzee, wala sijui Daktari alikuwa mkali vile kwa nini.

Ijumaa, 9 Juni

Umeme ulikatika jana asubuhi, umerudi leo mchana. Sijafanya kitu kingine chochote.

Nilipoona hautarudi upesi, niliifunika friza kwa mablanketi, la kwangu na la wageni, na koti la Bibie la mvua juu yake. Mlango nikaufunga kwa mkanda wa suruali nisije nikaufungua kwa mazoea. Nikamwomba Daktari ruhusa. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Ulimi ulisema wenyewe.

Shemeji akaja kunijulia hali, maana Daktari alimpigia kuuliza nani mgonjwa. Akanikuta nimekaa kwenye kigoda nimeegemea friza, natetemeka kwa baridi, mablanketi yote nimeivisha friza.

"Shemeji. Si uyale tu?"

"Hapana."

"Yataharibika."

"Hayataharibika, sijafungua mlango."

"Yamebaki mangapi?"

Nikavuta blanketi lifunike pembe ya friza. Akanitazama, akaitazama friza, akaelewa. Akaweka mkono kichwani.

"Hujala hata mfuko mmoja."

Nikamwomba asimwambie dada yake. Akasema amechoka kuapa katika familia hii. Akasema sisi wawili tunachekesha, kisha akasema hatuchekeshi, tunauma. Alipofika mlangoni akageuka, akaitazama friza tena. Akaenda.

Umeme uliporudi nilifungua. Mifuko ya juu imelainika pembeni na kushikana kidogo, ya chini bado mawe. Nimeitenganisha mmoja mmoja kwa mkono. Nilikuwa nalia, nadhani. Kamasi zilikuwa zinatoka, na kwa baridi ile huwezi kujua.

Jumamosi, 24 Juni

Bibie kapiga mwenyewe, asubuhi, si saa zetu. Chuo kinamtaka abaki. Si mwaka mmoja tena — ajira kabisa. Wanataka jibu.

Nikamwuliza, wewe unataka nini?

Akasema, "Fundi, matunda yamebaki mangapi?"

Namwuliza habari za maisha, ananiuliza habari za friza. Nikasema yapo.

"Bado yapo."

"Yapo tu, mengi. Usiwe na wasiwasi."

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

Ameelewa nini? Mimi mwenyewe sijaelewa nilichosema. Nilitaka kumwambia arudi. Nilitaka kumwambia hivyo tangu Machi. Lakini mtu hawezi kumwambia mkewe aende leo, kesho amwite kama mtoto aliyepotea dukani. Na kama anataka kubaki huko? Anapendwa huko. Wanafunzi wamemwimbia siku yake ya kuzaliwa. Mimi nilimpigia nikamwambia bomba la jikoni linavuja.

Simu niliipiga tena mara mbili. Haikupokelewa. Baadaye akatuma ujumbe, yuko wodini.

Jumamosi, 8 Julai

Yupo hapa. Bibie yupo nyumbani. Anaoga. Naandika haraka.

Nilikuwa nasugua sufuria nikasikia ufunguo mlangoni. Nilidhani ni shemeji, naye ana ufunguo. Akaingia na begi dogo la safari, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuniambia kama anakuja. Nikasimama na povu mikononi. Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja jikoni, akafungua friza.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Ule moshi wa baridi ukamtiririkia miguuni. Akapitisha kidole juu ya mifuko, kama mtu anayetafuta kitabu kwenye rafu.

"Hujagusa."

"Nilitoa mmoja, nikaurudisha."

"Uliniambia unakula. Uliniambia matamu."

"Nilidanganya."

"Kwa nini, Fundi?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa namngoja. Nilisema yakiwepo, atarudi tuyale wote. Yakiisha, nitakuwa nimebaki na nini cha kumngojea?

Akafunga friza. Akakaa kwenye kigoda, na viatu vyake vya safari, na akaanza kusema akiangalia sakafu.

"Nilipima. Nilipima yaishe katikati ya baridi. Sikukuwekea ya mwaka mzima, wewe uliona ni mengi kwa sababu hujawahi kufunga. Nikasema, atakula, siku moja atafungua na kukuta hamna, na nje baridi, na nyumba tupu. Siku hiyo atanifuata."

"Ulitaka nikufuate?"

"Nilikuambia kuna kliniki za meno kila mtaa."

Nikakumbuka nilichomjibu. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Kwa nini hukusema tu? 'Njoo.' Neno moja."

"Ungekuja kwa kunitii mimi. Ungekaa kule unalitaja benchi lako kila siku. Nilitaka uje kwa miguu yako." Akanitazama sasa. "Na wewe? 'Rudi.' Nalo si neno moja?"

"Kila nilipouliza yamebaki mangapi," akasema, "na wewe ukijibu mengi, nilisikia hunihitaji." Nikamwambia mimi kila nilipojibu mengi nilikuwa nasema nakungoja. Tukatazamana. Tungeweza kucheka. Ilikaribia, niliona mdomo wake. Haikutoka.

Wanataka jibu Jumatatu. Basi lake ni kesho alfajiri. Hakuja kukaa, alikuja kuona kwa macho yake, kwa sababu shemeji hatimaye alimpigia akamwambia aje afungue friza mwenyewe.

"Sasa tufanye nini?" akauliza.

Nikasema sijui. Nina taya za watu watano zinangoja kwenye benchi. Nina Daktari ambaye hana mtu mwingine. Nina miaka hamsini na kitu, na ule mji siujui hata jina la mtaa mmoja. Yote hayo yalinijia mdomoni nikayameza.

"Mimi pia sijui," akasema. "Nilidhani nikifika nitajua." Akachukua taulo, akaenda kuoga.

Nilibaki hapo. Kisha mikono ikaanza kazi bila kuniuliza. Nimetoa mifuko yote. Yote — pichi, plamu, maembe. Meza imejaa, viti vimejaa, mingine iko kwenye beseni la vyombo. Inatoa jasho. Maji yamefika ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka. Kisha nikachomoa waya wa friza ukutani.

Sijui nimefanya nini. Sijui kama nimemwambia nitakwenda naye, au nimemwomba asipande basi kesho, kwa sababu haya hayawezi kumalizwa na mtu mmoja, wala wawili kwa usiku mmoja. Ninachojua ni kwamba hayarudi tena kwenye barafu. Ukigandisha mara ya pili yanakuwa uji, yeye mwenyewe alinifundisha.

Maji ya bafuni yamenyamaza. Friza nayo imenyamaza. Sikujua ina kelele kiasi kile.

"Fundi?" anaita. "Umeme umekatika?"

Taa inawaka juu ya kichwa changu. Naona mwanga chini ya mlango wake wa bafuni, naye bila shaka anauona. Anajua haujakatika. Ananingoja nijibu.